Kufunga makaburi si kuyaondoa: yaliyoyapata makaburi ya Saints-Innocents, Paris

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Wanajamvi, salaam. Naomba radhi mapema kwa urefu wa uzi huu. Aliye na haraka na apite, akirudi atatukuta papa hapa.

Wiki tatu zilizopita niliketi katika kikao cha kamati ya kanisa letu hapa mjini, kanisa ambalo sitalitaja, na ajenda ya nne ilikuwa maegesho ya magari. Nyuma ya sakristia pana kipande cha ardhi chenye misalaba ya saruji isiyofika 40, mingi imelala chini na majina yake yamelika kwa mvua. Hakuna aliyezikwa pale tangu kabla sijazaliwa. Mjumbe mmoja alisema, tena kwa upole kabisa, kwamba makaburi yale yalishafungwa zamani, na kwa kuwa yalishafungwa, haidhuru tukimwaga kokoto juu yake. Wengi waliitikia kwa vichwa. Nilihisi kuna kasoro katika hoja ile lakini sikuweza kuitaja, nikanyamaza. Nilipotoka kunawa mikono bombani ndipo nilipoona kwamba lile jiwe tunalosimama juu yake tukichota maji, ambalo akina mama hufulia vitambaa vya altare, lina namba 19 iliyochongwa ubavuni. Ni jiwe la kaburi. Nimelikanyaga miaka 11.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za makaburi ya makanisa yaliyotoweka katika miji, na yaliyonipa jibu hayako Kenya. Yalikuwa Paris.

Katikati ya mji huo, ukingo wa kulia wa mto Seine, palikuwa na kanisa dogo lililowekwa chini ya ulinzi wa Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode kule Bethlehemu na ambao tunawakumbuka kila tarehe 28 Desemba. Wafaransa huwaita Saints-Innocents, na uwanja wa makaburi uliopakana na kanisa hilo ukachukua jina lilo hilo. Ulipakana pia na soko kuu. Mfalme Louis VI ndiye aliyelihamishia soko upande huo katika karne ya 12. Mjukuu wake, Philippe Auguste, akalijengea maghala mawili mwaka 1183, na mwaka 1186 akauzungushia uwanja wa makaburi ukuta, kwa kuwa hadi wakati huo wachuuzi na mifugo walikatiza juu ya marehemu kama watu wanaopita njia ya mkato. Anayelijua soko la Kibuye siku ya Jumapili hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukuta ulikuwa heshima kwa waliolala pale, hapana shaka, ila tangu siku ulipokamilika uwanja haukuweza tena kupanuka. Haukuzidi sana uwanja mmoja wa kandanda, nao ulipokea maiti wa parokia zipatazo 20, pamoja na waliofia katika hospitali ya Hôtel-Dieu, waliookotwa mtoni na barabarani, na wale ambao hakuna aliyejua kwao ni wapi. Hali hiyo iliendelea kwa takriban miaka 600.

Walizikwaje wote hao? Matajiri wachache walipata makaburi yao binafsi. Waliobaki walizikwa katika mashimo ya pamoja: shimo lilichimbwa kwenda chini mita kadhaa, maiti wakapangwa ndani ya sanda zao safu juu ya safu, na shimo likaachwa wazi kwa miezi mingi hadi lijae, ndipo likafukiwa na jingine kuchimbwa kando yake. Kufikia karne ya 18 shimo moja lilimeza zaidi ya maiti 1,000. Mchimba makaburi wa mwisho wa mahali pale alisemekana kuzika watu wapatao 90,000 katika muda usiotimia miaka 30. Nafasi ilipokwisha, mashimo ya zamani yalifukuliwa, mifupa ikatolewa, na kazi ikaanza upya.

Nitaendelea kesho, Mungu akipenda, kwa habari ya mifupa hiyo, maana hapo ndipo mambo yanaponoga.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Naendelea.

Mifupa iliyotolewa haikutupwa. Kuanzia karne ya 14 watu wenye uwezo walijenga vibaraza vyenye matao upande wa ndani wa ukuta, na juu ya matao hayo, chini ya paa, paliachwa nafasi zilizo wazi ambamo mafuvu na mifupa ya mapaja ilirundikwa ikapigwa na upepo huku kila mpita njia akiiona. Mmoja wa waliolipia matao hayo alikuwa Nicolas Flamel, mwandishi na muuza miswada, ambaye baada ya kufa kwake hekaya zilimfanya bingwa wa kugeuza risasi kuwa dhahabu. Mwaka 1424 na 1425, chini ya matao ya upande wa kusini, ulichorwa ukutani mchoro mrefu wa ngoma ya mauti: papa, mfalme, askofu, mfanyabiashara, mkulima na mtoto mchanga, kila mmoja ameshikwa mkono na maiti anayecheza. Kwa wasiojua kusoma, yale yalikuwa mahubiri yasiyo na amina.

Chini ya mifupa hiyo maisha yaliendelea. Palikuwa na wauza vitambaa na wauza vitabu, na palikuwa na waandishi wa barua waliokaa na vimeza vyao wakiwaandikia watumishi na wapenzi wasiojua kuandika. Tuliokua tukiwaona wazee wenye taipureta nje ya mahakama na posta zetu, wakigonga hati ya kiapo huku mteja amechuchumaa pembeni, tunaweza kuiona picha hiyo bila taabu. Tofauti ni kwamba mteja wa Paris alipoinua macho kutafuta neno, aliona mafuvu.

Watu hawakupaogopa. Waliamini kwamba udongo wa Saints-Innocents una nguvu ya pekee, kwamba unaula mwili wa binadamu ukaisha kwa siku tisa na kubakiza mifupa mitupu. Askofu mmoja wa Paris wa karne ya 15, ambaye hangeweza kuzikwa hapo, aliacha wosia kwamba udongo kidogo wa uwanja ule utiwe kaburini mwake. Nawaombeni mzingatie jambo hilo. Askofu mwenye haki ya kuzikwa mahali pa heshima alitamani udongo uliowalaza maskini wa hospitali.

Makaburi haya yalianza kumegwa kwa sababu ya barabara. Upande wa kusini ulipita mtaa wa rue de la Ferronnerie, mtaa mwembamba uliobanwa zaidi na vibanda vilivyoegemea ukuta wa makaburi. Tarehe 14 Mei 1610 gari la farasi la Mfalme Henri IV lilikwama humo kwa msongamano, na mtu mmoja aitwaye Ravaillac akapanda gurudumu na kumchoma kisu mfalme akafa. Mtaa ulipanuliwa mwaka 1669, na katika kuupanua, ukuta wenye mchoro wa ngoma ya mauti ukabomolewa. Uliishi karibu miaka 245, ukaondolewa ili magari yapite. Sikusema maegesho, nimesema magari.

Mchangiaji (Nakuru)

Mzee, ahsante kwa darasa. Nina maswali mawili. La kwanza, majirani walivumiliaje harufu miaka yote hiyo bila kushitaki? La pili, habari ya siku tisa ina ukweli wowote? Nauliza kwa sababu sisi huku tunaishi juu ya majivu ya volkano, na mvua kubwa ikinyesha, ardhi katika mitaa fulani hufunguka nyufa ambazo humeza barabara. Nikisikia habari ya mashimo makubwa yaliyochimbwa kando ya nyumba za watu, moyo hunienda mbio.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Ndugu wa Nakuru, moyo wako una haki, utaona.

Malalamiko yalikuwapo. Mwaka 1765 mahakama kuu ya Paris iliyoitwa Parlement ilitoa amri kwamba makaburi yahamishwe nje ya mji. Amri ikabaki karatasini. Parokia zilikuwa na mapato ya maziko, na jamaa hawakutaka kumsindikiza mtu wao mbali na kanisa lake. Waliokuwa na sauti hawakutaka, na waliotaka hawakuwa na sauti. Mwaka 1776 mfalme alizuia watu kuzikwa ndani ya makanisa isipokuwa wachache, lakini viwanja vya nje viliendelea kupokea.

Kuhusu siku tisa, jibu ni kinyume kabisa cha hekaya. Makaburi yalipofukuliwa mwishowe, daktari Thouret na mkemia Fourcroy, waliofuatilia kazi hiyo, walikuta ndani ya mashimo makubwa miili ambayo haikuoza ikaisha. Ilikuwa imegeuka kuwa kitu cheupe, laini, chenye mafuta, kama sabuni ya mche iliyolowa maji usiku kucha. Maiti wengi wakibanana mahali penye unyevu na pasipo hewa, mafuta ya mwili huganda kwa namna hiyo, na yakishaganda hukaa miaka mingi. Udongo uliosifiwa kwa ulafi wake ulikuwa umeshiba, haukuweza kula tena.

Na usawa wa ardhi wenyewe ulikuwa umepanda. Kufikia karne ya 18 uwanja wa makaburi ulikuwa juu ya mitaa ya jirani kwa zaidi ya mita 2, ukishikiliwa na kuta peke yake. Sasa fikiria ghala la chini ya nyumba, upande wa pili wa ukuta huo, ambamo mtu ameweka divai na kuni zake.

Nyumba za aina hiyo zilikuwa katika mtaa wa rue de la Lingerie. Mwaka 1780 ukuta wa ghala la nyumba mojawapo ulishindwa kuhimili uzito wa shimo la pamoja lililokuwa nyuma yake, na yaliyokuwa shimoni yakaingia. Mkaguzi aliyetumwa, mkemia Cadet de Vaux, alieleza jinsi hewa ilivyokuwa nzito hata mishumaa ikazimika mikononi mwa walioshuka. Kabla mwaka haujaisha, makaburi ya Saints-Innocents yalifungwa. Hakuna aliyezikwa tena.

Wengi huimalizia hadithi hapo: ukuta ulianguka, makaburi yakaondolewa. Sivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu ya uzi huu. Lakini naona Mwalimu ameandika, tumsikilize kwanza.

Mchangiaji (Vihiga)

Mimi ni mwalimu mstaafu, na naomba kuongeza la kwetu kabla hatujazama zaidi Ufaransa.

Magharibi mwa Kenya mtu huzikwa kwao. Awe Mluhya au Mluo, awe amefia Mombasa au ng'ambo, jamaa huchanga, maiti husafirishwa, na kaburi huchimbwa katika boma lake au la baba yake. Taifa zima lilishuhudia uzito wa jambo hili katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno: mjane wake alitaka kumzika Ngong, ukoo ukataka arudi Nyalgunga, Siaya, na baada ya miezi ya mahakama alizikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Kwa hiyo, Mzee, ukiona makaburi ndani ya uwanja wa kanisa mjini Kisumu, jiulize ni nani hao ambao hawakurudishwa kwao. Reli ilifika hapo Desemba 1901, ikaja na watu wa kila kabila na kila nchi. Nakisia kwamba chini ya misalaba yako wamelala wamishenari, watoto wa wafanyakazi wa reli, na watu waliokufa bila mwenye nauli ya kuwasafirisha. Kaburi la nyumbani lina mjukuu wa kulipalilia. Hayo yako yana kanisa tu.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Mwalimu, shikamoo. Umeligusa lenyewe, na nitalirudia jambo lako mwishoni kwa ushahidi.

Mchangiaji (Kisumu)

Kaka, nafanya kazi ya afya ya jamii, na naona unaelekea kusema kwamba waliohamisha makaburi ya Paris walikosea. Maiti wameingia katika ghala la watu! Kama lingetokea Nyalenda leo, ungekuwa wa kwanza kuandika uzi wa kuilaumu serikali ya kaunti kwa kuchelewa. Usitafute njama mahali palipo na harufu.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Dada, sina ugomvi na kufungwa kwake. Yalipaswa kufungwa, na yalipaswa kufungwa miaka 100 kabla. Ninachosema ni kwamba kufungwa na kuondolewa ni mambo mawili, yenye tarehe mbili na sababu mbili, na ukiyafunga kitita kimoja hutayaelewa.

Tazama tarehe. Makaburi yalifungwa mwaka 1780. Uamuzi wa kuyaondoa ulitolewa na baraza la mfalme tarehe 9 Novemba 1785. Kati yake kuna miaka mitano, ambayo hakuna maiti mpya aliyeingia. Kama tatizo lingekuwa hewa peke yake, lilikuwa limeanza kupungua lenyewe, na palikuwa na dawa ya kupunguza udongo na kuimarisha kuta. Na uamuzi wa 1785 ulisema nini? Ulisema uwanja ugeuzwe kuwa soko la umma. Askofu mkuu wa Paris naye akaridhia mwaka 1786. Soko lililokuwa likibana ukuta ule tangu 1186 lilikuwa na njaa ya ardhi, na mara tu makaburi yalipokoma kuwa na kazi, yakaonekana kuwa kiwanja kitupu. Harufu iliyafunga, soko liliyaondoa. Sikatai kwamba madaktari waliunga mkono, tena kwa nia njema. Nasema tu kwamba mwenye kiwanja machoni hukubaliana na daktari upesi sana.

Sasa kazi yenyewe, ambayo nakiri ilifanywa kwa adabu kuliko nilivyotarajia.

Paris imejengwa juu ya machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Ndugu wa Nakuru, hapa ndipo pako: mwaka 1774 sehemu ya barabara ilizama ndani ya machimbo hayo, na mwaka 1777 ikaundwa ofisi ya ukaguzi iliyoongozwa na msanifu Guillaumot ili kuyatia nguzo mashimo chini ya mji. Mashimo hayo hayo yaliyokuwa tishio ndiyo yaliyotumiwa. Sehemu iliyoko chini ya uwanda wa Tombe-Issoire, ambayo wakati huo ilikuwa nje ya mji, iliandaliwa na kubarikiwa na mapadri tarehe 7 Aprili 1786.

Mifupa ilisafirishwa usiku. Magari ya kukokotwa yalifunikwa vitambaa vyeusi, mienge ilitangulia, na mapadri wenye kanzu walifuata wakiimba sala ya marehemu kutoka sokoni hadi kwenye mdomo wa shimo, ambako mifupa ilimiminwa chini. Kazi ya kufukua ilianza Desemba 1785 ikaisha Oktoba 1787. Kanisa lenyewe lilibomolewa katika kipindi hicho. Wenye kukadiria husema waliopita katika uwanja ule kwa karne zote walikuwa kama milioni 2, nami naliandika kama kadirio, maana hakuna aliyeweza kuwahesabu.

Hakuna aliyejua nani ni nani. Chini ya ardhi mifupa ilibaki malundo hadi miaka ya 1809 na 1810, pale mkaguzi mwingine, Héricart de Thury, alipoipanga kuwa kuta, mifupa mirefu imelazwa vichwa nje na safu za mafuvu katikati. Leo watalii hulipa kiingilio kuona. Kwenye jiwe mojawapo pameandikwa kwamba mifupa hii imetoka makaburi ya Saints-Innocents, ikawekwa Aprili 1786. Mstari huo ndio msalaba wao wote.

Mchangiaji (Nakuru)

Na juu je? Pale palipokuwa makaburi kumebaki nini?

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Imebaki chemchemi ya maji.

Pembeni mwa makaburi, tangu 1549, palikuwa na bomba la umma lililojengwa kwa fahari na kupambwa na mchongaji Jean Goujon kwa sanamu za wanawake wenye mitungi. Lilipakana na kanisa, basi. Kanisa likavunjwa, matao yakavunjwa, lakini chemchemi ilionekana nzuri mno kuvunjwa, ikafunguliwa jiwe kwa jiwe, ikahamishiwa katikati ya soko jipya, na kwa kuwa ilikuwa na pande tatu tu zilizochongwa, Augustin Pajou akaombwa kuchonga ya nne. Hadi leo inaitwa chemchemi ya Innocents. Mabaki ya matao yanaonekana bado kwenye sura za nyumba za mtaa wa rue des Innocents, juu ya milango ya maduka, kwa anayejua anachokitafuta.

Soko la mboga na matunda lilikaa juu ya uwanja ule kwa miaka mingi, wachuuzi chini ya miavuli mikubwa, na kila mara mafundi walipochimba mitaro walikutana na mifupa iliyosahauliwa. Kisha likatokea jambo ambalo, nilipolisoma, niliweka simu chini nikatembea kidogo uani. Katika mapinduzi ya Julai 1830 watu waliuawa mitaani, joto likiwa kali, na pa kuwazika upesi hapakuwa. Baadhi yao walizikwa katika soko la Innocents. Miaka 50 baada ya makaburi kufungwa, mji ulipobanwa, ulirudi kuzika pale pale. Walihamishwa mwaka 1840 na kuwekwa chini ya mnara wa Julai kwenye uwanja wa Bastille.

Soko nalo halikudumu. Soko kuu la Paris lilihamishiwa Rungis, nje ya mji, mwaka 1969, na mahali pake pakachimbwa kituo cha treni na maduka ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mwenye njaa aliyeyameza makaburi naye alikuja kuhamishwa, tena kwa sababu zile zile: msongamano, uchafu, na nafasi ndogo. Siwezi kusema sikucheka.

Mchangiaji (Kisumu)

Sawa, kaka, nimekuelewa kuhusu tarehe mbili. Lakini tuambie la kutusaidia. Kuna mahali ambapo makaburi yaliyofungwa yalilindwa, au kote ni mifupa na miavuli?

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Yapo, dada. Ufaransa yenyewe ilijifunza: amri ya mwaka 1804 ilipiga marufuku kuzika ndani ya makanisa na ndani ya miji, ikataka kila maiti apate shimo lake lenye kina cha mita 1.5 hadi 2, na mashimo ya pamoja yakakoma kisheria. Ndio mwaka ambao makaburi ya Père-Lachaise yalifunguliwa nje ya mji wa wakati huo.

London ilifunga viwanja vya makanisa yake katika miaka ya 1850, na mwaka 1884 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukataza kujenga juu ya makaburi yaliyofungwa, isipokuwa kwa kupanua kanisa lenyewe. Yaani walikuwa wameligundua shimo lile lile ambalo kamati yetu imeangukia, na wakaliziba: kwamba kufungwa kwa makaburi hakukupi ruhusa ya kujenga juu yake. Ndiyo maana viwanja vingi vya makanisa ya London vimekuwa bustani zenye mabenchi. Sheria hiyo haizuii yote. Karibu na kituo cha Euston palikuwa na makaburi ya kanisa la St James, yakawa bustani, kisha yakafukuliwa kupisha reli mpya ya mwendo kasi. Lakini Januari 2019 wafukuaji walikuta bamba la risasi juu ya jeneza lenye jina la Matthew Flinders, baharia aliyezunguka Australia kwa meli na kufa mwaka 1814. Julai 2024 alizikwa upya katika kijiji alikozaliwa, Donington. Kati ya maelfu waliotolewa pale, huyu alirudishwa kwao kwa sababu kipande cha risasi kilihifadhi jina lake.

Na kwetu, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, hairuhusu kumfukua mtu bila kibali. Mjumbe wetu atasema kokoto si kufukua. Ni kweli. Ndiyo sababu nilitaka kuwa na jambo jingine mkononi.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Nimerudi, kama nilivyomwahidi Mwalimu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda na katekista, futi ya kupimia, brashi ya kufulia na debe la maji. Tulihesabu misalaba 37. Majina tuliyoweza kusoma ni 14. Kisha katekista akafungua kabati la sakristia akatoa kitabu cha maziko, jalada limeliwa na mende, kurasa zimeandikwa kwa Kilatini na mikono mitatu tofauti. Kila mstari una namba. Tulipolinganisha, namba za kitabuni zilikuwa zile zile zilizochongwa kwenye mawe.

Mwalimu hakukosea. Kuna padri mmoja, kuna watawa wawili, na waliobaki ni watu wa reli na watoto wao, kutoka kila pembe. Mstari wa 19 ni wa mtoto wa miezi minne. Baba yake alikuwa fundi wa mabwela, yaani matangi ya mvuke, ya garimoshi, na sehemu ya kuandika kwao ni wapi imeachwa wazi.

Tukaenda bombani. Tulilikwangua jiwe pembeni, tukaingiza mtaimbo, tukalipindua vijana wawili wakisaidia. Upande tuliokuwa tukiukanyaga ulikuwa mgongo wake. Uso ulilala chini, ndani ya udongo, haukupata mvua wala sabuni. Katekista alimwagia maji, akapitisha brashi mara moja, na jina likatokea lote, herufi kwa herufi, na tarehe mbili chini yake. Silitaji hapa kwa kuwa huenda wapo wenye jina hilo wasiojua.

Tumeliegemeza kwenye ukuta wa sakristia, uso nje. Kikao ni Jumapili baada ya misa ya pili, na wajumbe wote hupitia mlango ule.